Mwasumini Hautaki Huruma, Unataka Udongo Mnyevu

Kama umekwisha kuua miasumini mitatu, kaa hapa mbele. Uliyeua mmoja, kaa nyuma yao, nafasi ipo. Na wewe unayesema mwasumini "haukubali" nyumbani kwako, kana kwamba ulikwenda kuuposa ukakutolea nje, njoo ukae karibu nami kabisa, maana nimeshika kalamu kwa ajili yako. Nitakutania, nitakusema, na pengine nitakuudhi. Nayamaanisha yote. Nimechoka kupita kwenye nyua za pwani na kukuta maua ya plastiki yamechomekwa kwenye vyungu, yamejaa vumbi, huku mwenye nyumba akinunua asumini ya kikuba sokoni.

Tuanze na jambo ambalo wengi hamtaki kulisikia: mwasumini ni mti mgumu kufa. Jua la kaskazi haliutishi. Ukikatwa, huchipua. Mbuzi wa jirani akiutafuna nusu, huchipua. Ukisahauliwa siku kadhaa wakati wa vuli, hautambui hata kwamba ulisahauliwa. Kwa hiyo ukiukuta umekufa uani kwako, usitafute kijicho cha jirani. Tazama mkono ulioshika ndoo.

Kwanza tujue tunazungumza na nani. Mwasumini ni kichaka cha kimo cha mtu mzima, wakati mwingine hupita hapo ukipata pa kuegemea. Majani yake yana mng'ao, hutoka mawili mawili yakitazamana, na mara nyingine matatu matatu. Maua ni meupe, hufunguka jioni, na kesho yake huanza kunyauka na kuingia wekundu wa zambarau. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, na jina lake tumelipata kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipouandika mwaka 1753 aliuweka kwenye jamii aliyoiita Nyctanthes, yaani ua la usiku kwa Kigiriki. Mwaka 1789 William Aiton wa bustani ya Kew huko Uingereza akauhamishia kwenye jina unaloitwa hadi leo, Jasminum sambac. Ufilipino waliutangaza kuwa ua la taifa mwaka 1934. Indonesia nao wameuingiza katika maua yao ya taifa. Sisi tunaoufunga kwenye nywele za bibi harusi tunaumwagia maji ya sabuni.

Ipo namna ya tabaka moja la petali, ipo ya tabaka mbili tatu, na ipo ile iliyofumbata kama waridi dogo, ambayo Wazungu huiita Grand Duke of Tuscany. Hiyo ya mwisho ina fahari zake na hukua polepole mno. Mgeni wa kazi hii usianze nayo. Anza na ile ya kawaida, ikuzoee nawe uizoee.

Sasa udongo, na hapa sina haraka.

Bibi yangu alikuwa na mwasumini mmoja uani, kando ya mtungi wa kutawadhia. Kila aliyetia udhu alimwaga maji pale: kidogo alfajiri, kidogo adhuhuri, hivyo hivyo mpaka isha. Hayakuwa mengi. Ilikuwa kata moja au mbili kwa mtu, na nusu yake ikiishia juu ya jiwe la kukanyagia. Udongo chini ya mti ule ulikuwa mweusi na mwepesi. Ukiufinya unashikana, ukifungua kiganja unaachana taratibu. Ukiunusa, una harufu ya mvua ya kwanza. Huo ndio unyevu ninaousema. Tope ni kitu kingine, na vumbi ni kitu kingine.

Sasa wanaoua miasumini wako makundi mawili, na makundi yote mawili yanaipenda. Kundi la kwanza ni la wazamishaji. Huyu humwaga ndoo nzima asubuhi, ndoo nzima jioni, kila siku ya Mungu, hata siku ambayo mvua imenyesha mpaka vyura wanaimba. Mizizi hupumua, ndugu zangu. Hewa yake iko kwenye vinafasi vidogo vya udongo, na vinafasi hivyo vikijaa maji muda wote, mizizi huoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, basi majani yanalegea. Mzamishaji akiona majani yamelegea anasema, "Maskini, una kiu," na anakwenda kuchota ndoo ya tatu. Mti unazama, yeye anauletea maji.

Kundi la pili ni la wasahaulifu wenye toba. Hawa huuacha mti siku kumi kwenye jua la Februari, kisha Ijumaa moja wanakumbuka, wanaona haya, na wanaumwagia maji ya siku kumi kwa mkupuo. Mti unashtuka, unaangusha matumba yote ambayo ulikuwa umeyalea, nao wanalalamika kwamba hautoi maua. Ulikuwa unatoa. Umeyaangusha mwenyewe kwa toba yako.

Dawa ya makundi yote mawili ni kidole. Chomeka kidole cha shahada kwenye udongo, viganja viwili kutoka kwenye shina, mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na udongo uliokishika, baridi, wacha maji, nenda kafanye kazi nyingine. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia, tena taratibu, mpaka maji yaingie chini badala ya kutiririka kwenda mlangoni. Usimwagilie kwa kalenda. Kidole hakidanganyi, ila uwe tayari kukichafua.

Shimo la kupandia lichimbwe kama futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Najua umezoea kuchimba tundu la kutosha kopo la maziwa. Mizizi haikuja kulala kwenye kopo. Changanya udongo wa juu na samadi iliyokwisha kuoza kabisa pamoja na mboji ya majani. Nasema iliyokwisha kuoza, maana ile inayotoka bandani leo ikiwa na moto wake itaunguza mizizi michanga. Kwenye kichanga, maji hupita kama wageni wa harusi wakishakula biriani, basi ongeza mboji ili yapate sababu ya kukaa. Kwenye mfinyanzi maji hukaa mno, basi inua tuta, upande juu yake, yapate pa kushukia.

Halafu kuna maradhi ya pwani yetu ambayo watu wengi huyaita uchawi. Majani machanga yanageuka manjano, lakini mishipa yake inabaki kijani, kama ramani ya mito. Mwenye mti anamwaga maji zaidi, anatia mbolea zaidi, hali inazidi. Mara nyingi hapo kosa ni chokaa. Ardhi ya maweni, ile ya mawe ya matumbawe, ina chokaa nyingi, na palipo na chokaa nyingi madini ya chuma hujifunga, mizizi isiweze kuyanyonya hata yakiwa yamejaa tele. Mahali pengine chokaa hatukupewa na bahari, tumeileta wenyewe: fundi amemaliza kupiga lipu, kifusi chote kafukia chini ya ukuta, na pale pale juu ya kifusi wewe umepanda mwasumini. Umeupandia kwenye saruji, ukataka ukunukie.

Fukua kifusi. Kitoe chote, usikifunike kwa udongo mzuri ukadhani mizizi haitakiona. Jaza mboji, na uendelee kuongeza kila msimu, maana mboji ikioza hupunguza ule ukali wa chokaa. Na kama unaishi juu ya jiwe tupu, chukua chungu kikubwa chenye tundu chini, ukijaze udongo wa kuchanganya, umalize ugomvi. Chungu bila tundu ni kisima.

Juu ya udongo tandaza kitu cha kuhifadhi unyevu: majani makavu, nyasi zilizokatwa, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yanafaa sana, lakini ulizia yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa kazi ya kamba yamekunywa maji ya bahari, na chumvi hiyo itashuka kwenye mizizi. Yaoshe kwa maji baridi mara kadhaa au tafuta yaliyofuliwa nazi juzi. Matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya vidole vinne. Hali kadhalika, kisima chako kikiwa na maji ya magadi au chumvi, kinga ya mvua kwenye pipa. Na maji ya kuoshea vyombo, yenye sabuni, mafuta na mabaki ya mchuzi, yana njia yake ya kwenda. Bibi aliruhusu maji ya udhu peke yake. Aliyemwaga ya sufuria pale alisemwa mpaka jirani wakatoka nje.

Jua: nusu siku au zaidi. Mwasumini ulio chini ya mwembe utakupa majani ya kupendeza na hakuna zaidi. Wanaoishi kwenye baridi ya milimani, kama Limuru, wauweke kwenye chungu karibu na ukuta unaopata jua, na wauingize ndani usiku wa baridi kali, kwani hili ni jambo moja ambalo mti huu mgumu haulistahimili.

Mche unapatikana wapi? Usikae ukingoja mbegu. Mwasumini wetu kwa kawaida hauzai mbegu, hupandwa kwa matawi. Maana yake ni kwamba huwezi kuwa nao bila kuzungumza na mtu, na mimi naona hilo ni jema. Unakwenda kwa mwenye nao, unabisha hodi, unaulizia hali za watoto, na kabla ya kuaga unaomba. Usikate usiku kwa kuruka ukuta. Wako wanaoamini kwamba mche wa kuibwa ndio unaoshika vizuri. Hao ni wezi waliotafuta hoja.

Tawi lisiwe bichi la kupindika kama tambi, wala lisiwe gumu lililopauka kama kuni. Chagua la katikati, limeanza kukomaa. Kata kipande cha urefu wa shubiri moja hivi, chenye vifundo vitatu au vinne, kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha mawili juu. Yakiwa makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji. Ondoa na tumba kama lipo, hata likikusihi. Kisha chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, vifundo viwili viingie chini, uweke kivulini. Udongo uwe mnyevu wakati wote. Katika joto letu mizizi huanza kutoka baada ya mwezi au zaidi kidogo. Katika mwezi huo kazi yako kubwa ni kutofanya kitu. Wapo wanaong'oa kipandikizi kila siku ya tatu kutazama kama kimeshika, na kukirudisha, na kung'oa tena. Kimeshika, umekikatisha. Kirudishe na uondoke.

Ipo njia ya wazee ambayo ni rahisi kuliko hiyo. Chukua tawi refu la chini, likiwa bado mwilini mwa mama yake. Likwangue kidogo upande wa chini, liinamishe mpaka liguse ardhi, lifukie pale lilipokwanguliwa, na weka jiwe juu lisiinuke. Ncha yake ibaki nje. Mama anaendelea kulinyonyesha mpaka litoe mizizi yake. Baada ya miezi michache unalikata na una mche ambao haukuonja shida.

Mwasumini wa bibi ulikufa. Baada ya yeye kufariki, ua ulisakafiwa ili usiwe na matope, na fundi akauachia mti tundu la ukubwa wa sahani. Mtungi uliondolewa, bomba likawekwa ndani. Majani yaligeuka manjano kama nilivyoeleza, na mwaka wa pili ukawa ukuni. Mimi wakati ule sikujua kwa nini, nilidhani umemfuata mwenyewe. Lakini bibi alikuwa amewapa pingili nusu ya mtaa. Mwasumini ulio uani kwangu leo umetoka kwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye alipewa na bibi, ambaye naye alipewa na shemeji yake. Ni mti ule ule, maana tawi lililoshika mizizi halina tofauti na shina lililolitoa. Nilibomoa sakafu ya mita moja kwa mita moja kuupandia. Wageni huniuliza kwa nini nimeharibu sakafu nzuri.

Turudi kwenye kukata. Mwasumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Tawi kuukuu lisilochipua halitakupa ua, hata ulibembeleze. Kwa hiyo kila wimbi la maua likipita, pogoa: punguza ncha, ondoa vijiti vilivyokufa, fungua katikati upepo upite. Anayeona uchungu kuukata anaishia na fujo la matawi marefu yenye maua mawili kileleni, ambapo anayafikia popo tu. Na kuna kosa la upande wa pili, la yule anayepita kila wiki na mkasi mkubwa kuunyoa mti uwe kama sanduku. Anakata matumba kila yanapotaka kutokeza, kisha anasema amepewa mti dume. Hakuna mwasumini dume. Weka mkasi chini mwezi mmoja na utaona. Mbolea ya urea nayo iwe kwa kiasi, kwani ikizidi mti hunenepa majani na kusahau maua.

Wadudu wataletwa na sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa foleni, geuza majani utazame chini. Utakuta vidukari, au vile vijidudu vyeupe kama unga wa ngano. Sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kama mfugaji na ng'ombe wake. Wapige kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, chini ya majani hasa, wakati wa jioni, na baadaye suuza. Rudia baada ya siku chache. Usianze na sumu kali, kwa sababu ua hili unakusudia kulifunga kwenye nywele za mtu na kulilaza kwenye mto.

Na sasa lile tulilokuja kwa ajili yake. Asumini haichumwi ikiwa imefunguka. Anayechuma asubuhi ameokota makombo ya usiku. Nenda alasiri, jua likianza kulegea, na utazame matumba kwa makini. Lililo kijani au lenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji bado ni la kesho. La leo ni jeupe kabisa, limejaa, na ncha yake imevimba kidogo kama mtu aliyebana kicheko. Lishike kwa kidole gumba na cha shahada chini ya kikonyo, lipinde, litatoka lenyewe. Likikuvutana, liache. Weka kwenye ungo au sinia, nyunyiza maji kwa ncha za vidole, funika kwa kitambaa kilicholoa. Usifungie kwenye mfuko wa plastiki. Ndani yake hupata joto na kugeuka rangi.

Huko Fuzhou nchini China, wanakotengeneza chai ya asumini, wachumaji huenda saa hizo hizo za alasiri na kuchuma tumba lililofumba, ili ua lifunguke usiku likiwa limelala pamoja na majani ya chai na kuyapa harufu yake. Bibi zetu hawakwenda Fuzhou kujifunza. Walijua saa ya ua lao kwa kulitazama.

Ukifika magharibi funua kitambaa. Mengine yamekwisha kufunguka, mengine yanafunguka mbele ya macho yako ukiwa na subira, petali moja ikijitenga na nyingine. Harufu hutoka kwa mkupuo, chumba kizima. Hapo ndipo hutungwa kwa sindano kwenye uzi, au hufungwa kikuba pamoja na rihani na vipande vya mkadi. Mti uliotunzwa hukupa ya kujaza kiganja jioni moja, na kesho yake ya kujaza kingine, kwani kadiri unavyochuma ndivyo unavyouzuia usichoke na maua makuukuu.

Ukishindwa yote haya, shika mawili: kidole kwenye udongo kabla ya maji, na kifusi kisikae chini ya mti.

Masika huanza Machi, na pingili inayochomekwa wakati mvua zikianza hupata unyevu wake bila taabu. Mwenye mwasumini mtaani kwako unamjua, harufu imekwisha kukuonesha nyumba. Mwendee leo alasiri, utamkuta anachuma. Omba pingili tatu, usiombe moja.